Nchi ya Kulipia Kodi

Zama hizo kila familia ilijichagulia nchi ya kuilipa kodi ya mapato bila kuhama kwake, na sheria za nchi hiyo ndizo zilizotawala nyumbani mwao. Mwanaidi na mumewe Shekue, wakazi wa Korogwe, walilinganisha nchi hadi macho yakawauma, kwa kuwa kodi ya kwao iliwamaliza na binti yao alihitaji upasuaji wa moyo. Mwishowe wakaichagua nchi moja ya mbali iliyowahurumia wenye watoto.

Kesho yake mama yake Shekue, Bi Mwanahawa, aliyeishi nao, alitoka kununua vitumbua. Aliporudi, mlango ulikataa kufunguka.

"Huyu ni mgeni," mlango ukasema kwa upole. "Kwa sheria ya nchi mliyoichagua, familia ni wazazi na watoto wao."

Mwanaidi akakimbilia kumfungulia. "Samahani mama, ni mashine tu hii."

"Mashine haina kosa, mwanangu. Mimi mmeniacha nchi gani?"

Shekue akainama. Mwanaidi alitamani kusema wataghairi, lakini chaguo halikuweza kutenguliwa hadi mwaka uishe, na binti alikwisha kupangiwa tarehe ya hospitali. Akampokea vitumbua.

Binti akapona. Bi Mwanahawa hakutoka tena peke yake, wala hakulalamika. Asubuhi moja Mwanaidi akiwa jikoni, alisikia sauti ya mkwewe nyuma yake.

"Hodi."

Bibi alikuwa amesimama kizingitini, akingoja. Mwanaidi alitaka kumwambia hapa ni kwake, lakini neno lililomtoka lilikuwa, "Karibu."