Ufagio kwa Nje

Maneno yenyewe yaliletwa na mteja aliyekuja kulegezewa sketi. Alisema kuna mwanamke, mwembamba kama ufagio, kaanguka akiwa kwenye foleni ya benki. Kupimwa, akakutwa na mafuta mwilini kumshinda mumewe mwenye kitambi. Misuli hana, sukari imempanda. Na hakuna jirani aliyewahi kumwonya, maana nani atauambia ufagio upunguze kula?

Mama Fundi alicheka huku pini ziko mdomoni. Mteja alipoondoka, kicheko kikaondoka naye. Maneno yakabaki.

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa mwembamba.

Majirani walimwita Njiti. Alifanya kazi kwenye duka la kuchapa barua, amekaa kutwa, mchana akipitisha na biskuti. Mama mtu alianza kumtazama kwa jicho jipya. Jioni wakipanda ngazi kwenda kwao ghorofa ya nne, walipumzika ghorofa ya pili kama siku zote, na Mama Fundi hakupenda jinsi mtoto alivyonyamaza pale, kama mtu anayeficha kuhema.

Usiku wa tatu bila usingizi ulimtosha. Asubuhi alifunga kibanda cha ushonaji, akamkokota binti mpaka zahanati.

Njiti aligoma mlangoni. Alisema yeye haumwi, na mashine ile ya kupima mafuta, ya kusimama pekupeku ukiwa umeshika vyuma viwili, haimpendezi hata kidogo. Mama Fundi hakubishana naye. Alivua viatu, akapanda yeye kwanza, amwonyeshe kwamba haiumi. Hata kidole cha kutolewa damu alianza kutoa chake. Mtoto akaona haya, akafuata.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa bibi harusi, anauliza gauni lake. Mama Fundi akatoka nje kumtuliza, na bibi harusi hatulizwi kwa dakika mbili.

Aliporudi, nesi alikuwa anaandika. Binti ameinamisha kichwa.

"Mama, majibu si mazuri," Njiti alisema polepole. "Mafuta mengi yamejificha tumboni, misuli haba. Sukari iko mpakani. Tumepewa miezi mitatu. Isiposhuka, ni vidonge vya maisha."

Mama Fundi alikaa kwenye benchi. Kisha akainuka, akafunga kanga yake kiunoni. Vidonge vya maisha, kwa mtoto wake? Labda yeye awe amekufa.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa kambi. Biskuti zilitolewa kabatini. Bakuli la sukari akapewa jirani, na Mama Fundi, aliyekuwa akinywa chai ya vijiko vinne, akanywa kavu bila kulalamika, kwani mzazi gani hulamba sukari mbele ya mgonjwa? Mayai yakaja, maharage yakaja, mboga zikajaa sahani. Majora ya vitambaa, ambayo zamani yalipandishwa na mchukuzi, sasa yalipanda kwa mabega ya watu wa nyumbani.

Kazi ngumu ilikuwa mazoezi. Nesi alitaka mtu akae kitini na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi, kisha apumzike, kisha tena. Njiti alikuwa mzito wa kuelewa, sijapata kusikia. Kila jioni alisahau.

"Nionyeshe tena, mama."

Mama Fundi akamwonyesha. Siku ya kwanza alishindwa kuinuka mara ya nne, akasema kiti kibovu. Wiki ya pili alifika kumi. Binti akainuka mara tatu, akadai mgongo, akaomba aonyeshwe tena tangu mwanzo ili asikosee. Mama mtu alimwambia uvivu wake utamzika, huku akiinuka na kukaa, kukaa na kuinuka, jasho likimtiririka mpaka kisiginoni. Mwezi wa pili akawa anamwonyesha akiwa amebeba jora kifuani, maana mfano lazima uzidi kazi yenyewe.

Wateja waliona amebadilika. Mmoja alimwambia amekaza mikono kama mpiga makasia. Akajibu kwamba ukiwa na mgonjwa ndani huna budi kukaza.

Miezi mitatu ilipotimia walirudi zahanati. Mama Fundi alikuwa hajala tangu jana kwa hofu. Njiti akaomba mama atangulie tena kwenye mashine, ampe moyo. Akatangulia. Akatoa na kidole. Walipomaliza wote wawili, nesi alisoma namba mara mbili, akatabasamu.

"Vidonge havihitajiki," alisema.

Mama Fundi alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akakosa pumzi. Nesi akafumbua mdomo kutaka kusema jambo. Njiti akamtazama. Nesi akaufumba.

Jioni, furaha ikiwa haijamtoka, Mama Fundi aliazimia kuwaonya wateja wake wote wembamba. Ile karatasi ya makatazo aliyoiandika nesi siku ya kwanza ingefaa kubandikwa ukutani, lakini hakuwahi kuiona. Kila akiiuliza, binti alisema imepotea. Sasa Njiti alikuwa anaoga, na mkoba wake ulikuwa mezani. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani, imekunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa nesi, isipokuwa mstari wa mwisho, ambao ulikuwa wa Njiti. Mama Fundi akavaa miwani, akasoma.

MAMBO YA KUEPUKA

Vinywaji vyenye sukari, hata soda moja.

Kuruka chakula cha mchana, kisha kulipiza usiku.

Vitu vya kukaangwa kila siku.

Kupunguza kula tu bila kutia misuli kazi.

Kukaa kwenye cherehani zaidi ya saa moja bila kuinuka.

Kumwambia mama kwamba majibu ni yake. Atabisha.