Mguu wa Kushoto

Zawena, mpimaji wa maabara, alirudi kutoka safari ya kikazi ya siku nne akamkuta bintiye Pili amelala mkekani. Alikuwa amemwacha akijikuna miguu mpaka damu, mchana na usiku, kavishwa soksi mikononi.

Kando yake, mkwewe Bi Tunu alikuwa ameegemeza jani la shubiri kwenye bakuli ili maji yake ya njano, yanayowasha ngozi, yachuruzike kwanza.

"Mama, umempaka hiyo?"

"Mguu wa kushoto tu, tangu ulipoondoka."

Zawena akapiga magoti. Mguu wa kulia ulikuwa bado mwekundu, umejaa mikwaruzo. Wa kushoto ulikuwa umetulia kabisa.

"Mbona hukumpaka yote miwili?"

"Ningejuaje kama ni dawa, mwanangu, au anapona mwenyewe?"

Zawena alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Akayameza. Kazini kwake maabara, jaribio kama hilo, la kutibu mguu mmoja na kuulinganisha na wa pili, lingeandikiwa kurasa kumi.

Akamvua Pili soksi, kisha akakinga kiganja.

"Nipe, mama. Sasa wa kulia."

Bi Tunu akaanza kulimenya jani. Vidole vya Pili vikakunjuka polepole juu ya mkeka, vikabaki wazi, bila kukuna chochote.