Sauti ya Leokadia

Leokadia Mushobozi alianza kwa kuuza dawa za minyoo dirishani, Bukoba, akamaliza akiwa mkurugenzi wa maduka ya dawa mia nne. Siku hizo sheria ilishamkataza mtu kumeza dawa bila ruhusa ya kasha lake la dawa, lile linaloongea na kuwekwa kila nyumba, na makasha yote nchini yalisema kwa sauti ya Leokadia, kwa kuwa wagonjwa waliiamini.

Alipostaafu, alimkuta mumewe, Baba Koku, ameishi na sauti ile miaka kumi na mmoja, yeye mwenyewe akiwa safarini.

Asubuhi moja, wakinywa chai, alimwambia, "Baba Koku, miguu imekuvimba. Leo usimeze hiyo ya presha, twende kwanza hospitali."

Mzee alimtazama kwa upole, kisha akaligeukia kasha. "Mama Koku, unasemaje?"

"Meza tu, mume wangu," kasha likajibu.

Leokadia akaweka kikombe chini. Alikuwa amerekodi maneno elfu sita studio kwa ajili ya makasha, na "mume wangu" halikuwamo.

"Huyo si mimi," akasema. "Mimi ni huyu hapa."

"Na huyu je?" mzee akaliuliza kasha.

"Hajalala vizuri siku nyingi. Mpe kidonge kimoja cheupe."

Kijidroo cha kasha kikafunguka. Baba Koku akaleta maji, akamshika mkewe kidevu taratibu. Leokadia alitaka kukataa.

"Fungua kinywa, mama," sauti ikasema, kwa huruma ya mtu anayeijua kazi yake.

Akashangaa kukuta kinywa kimeshafunguka.