Gemu Kuukuu la Kona

Tunu aliinuka kitini mara ya tatu, maana pale kwenye kibanda cha gemu za video anayepigwa humwachia mwenzake pedi ya kuchezea. Mashindano yalikuwa Jumamosi, naye alishajigamba mtaa mzima kwamba atashinda. Vidole havikumtulia.

"Unabonyeza kama unakuna nazi," alisema Dada Mwanahawa, mwenye kibanda. "Hilo gemu jipya linakudekeza. Chukua lile kuukuu, lina ngumi na kuzuia tu. Jifunze kuzuia kwanza."

"Watanicheka, dada."

"Kwani sasa hivi wanakulilia?"

Tunu akahamia kwenye televisheni ya kona. Adui akaja mbio. Kidole gumba kikamwasha kutaka kupiga, lakini akakikandamiza kwenye kitufe cha kuzuia. Ngumi zikamiminika, tano, sita, saba, na mpiganaji wake bado amesimama, mikono usoni.