Vilivyofutwa

Mtu akitimiza miaka arobaini, kumbukumbu zake huhamishiwa kwenye diski ya nyumbani, na diski ya Kombo ilikuwa ikikwaruza tangu asubuhi. Alikaa mkekani akimtazama mkewe Asya kama mgeni aliyekosea mlango.

"Inaweza kunifia mkononi," alisema fundi Mbwana. "Nitajaribu mara moja tu. Lakini chombo changu hakichagui, Bi Asya. Kinarudisha hata mlivyofuta."

"Rudisha vyote. Sisi hatuna la kuficha."

Diski ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Asya aliuma kanga yake asipige kelele. Hatimaye Kombo alipepesa macho, akamwita kwa jina, akauliza kama watoto wameshakula. Asya alipakua wali kwenye sinia huku machozi yakimtoka, akawaita Raya na Haroub.

Kombo akajivuta pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Na Shemsa je? Mbona humwiti dada yao?"

"Shemsa gani?"

Fundi alikuwa akifunga mkoba wake, hainui macho. Sheria ya kufuta Asya aliijua, kila mtu aliijua: hakifutwi kitu mpaka mume na mke wakubali wote wawili. Akatazama juu ya kabati, kwenye diski yake mwenyewe, nzima, haina hata mkwaruzo.

"Fundi," alisema, "na hii yangu..."

"Usimpe," alisema Kombo. "Nimeshakumbuka tulichomfanyia Shemsa."