Kitabu Alichokisifu Senkondo

Siku hizi msomaji anayetoa maoni kuhusu kitabu alichokipenda hukisahau papo hapo, pamoja na yote yaliyofungamana nacho, na utamu wake huhamia kwa wanaomsikiliza. Ndiyo kanuni, na wengi wameizoea. Kila Jumamosi, barazani kwa jirani, mwalimu mstaafu Senkondo husimama, akasifu kitabu kwa sentensi mbili tatu, kisha akaketi kama mtu aliyetua mzigo.

Jumamosi iliyopita mkewe, Namkunda, alimwona ameshika riwaya ya jalada la kijani, ile waliyosomeana kwa zamu wakati wa uchumba, Senkondo akimfundisha kusoma kwa sauti.

“Hicho hapana, Baba Nakijwa,” alimnong’oneza. “Toa kingine.”

“Vingine vimekwisha. Unataka nionekane mchoyo?”

“Kuwa mchoyo. Leo tu, kwa ajili yangu.”

“Shemeji, mwache bwana!” jirani mmoja alidakia. “Kizuri kula na nduguyo!”

Baraza likaangua kicheko, naye Senkondo akasimama.

“Kitabu hiki,” alisema, “kilinifundisha kumsikiliza mtu mpaka amalize.”

Wakampigia makofi. Wawili walifuta machozi.

Nyumbani Senkondo aliligeuzageuza lile jalada la kijani. “Hiki nacho umekipata wapi?”

Namkunda alikichukua, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kumsomea kwa sauti. Senkondo alisikiliza kwa adabu, mikono magotini, mpaka sura ilipokwisha.

“Unasoma vizuri sana,” alisema. “Nani alikufundisha?”