Ukuta Wenye Joto

Tangu nyumba na vyombo vyake viwekewe nyaya mpya, ambazo elektroni hupita ndani yake jozi jozi bila kukwaruzana, vyombo vya umeme havipati joto. Bi Mwanaidi alizichukia. Zamani aliweka unga wa vitumbua juu ya king'amuzi, ukaumuka upesi. Sasa ulilala tu kama uji.

Leo aliegemeza bakuli ukutani, unga ukaumuka hadi ukamwagika! Akapiga kigelegele, akamwita mkwewe Kombo, fundi wa nyaya hizo.

Kombo alikula vitumbua, akasifu, akajinyoosha akiegemea ukuta. Akashtuka.

"Mama, ukuta una joto! Jozi zinaachana, nyaya zinaharibika. Tangu lini?"

"Tangu jana. Kula, baba! Mtaa mzima leo unakaanga vitumbua."